Tundu Penye Hasi Mbili

Umeme ulikatika Wete saa mbili na robo.
Tukateremka na madaftari kutoka ghorofa ya tatu
ya majumba ya maendeleo
mpaka uani, kwenye vigae alivyopanga fundi Ngwali,
mraba kwa mraba, kama karatasi ya grafu.

Wanafunzi saba, tochi za simu tatu,
mtihani wiki ijayo.
Nikaandika chini kwa chaki:
    kiasi, eksi mraba, toa eksi, toa sita;
    asili, eksi mraba, toa nne.

"Tuanze na nyepesi. Eksi ikiwa nunge?"
Hasi sita kwa hasi nne: moja na nusu.
Faki akapanda kigae kimoja na nusu
akasimama hapo, mguu mmoja hewani,
eti yeye ndiye nukta.

Asili inakufa penye mbili.
Tukafungua kamba ya kuanikia nguo, tukainyoosha hapo.
Kushoto kwake grafu inapanda,
inapita madirisha ya kwa Bi Raya, inapita matangi ya maji,
haina habari na sisi.
Kulia inachomoza kutoka chini ya msingi wa jengo,
inakwea, inaukata mlalo penye tatu,
kisha inalegea.

"Inalegea mpaka wapi?"
Wape namba kubwa, nikasema.
Kumi na mbili: tisa kwa kumi.
Mia na mbili: tisini na tisa kwa mia.
"Elfu na mbili?" Zuwena akauliza.
Bado.
"Basi moja haifiki?"
Haifiki.
"Hata siku ya kiama?"

Kitabu kinauita mstari huo asimptoti.
Miaka kumi na moja nimeutafutia jina la kwetu.
Mama yangu, asiyejua eksi wala wai,
alinisikiliza huku vidole viko kwenye ukili,
akasema: "Hiyo si nusura?"
Nusura. Tangu hapo ndivyo ninavyofundisha:
mstari wa nusura.

Nilikuwa nimewatungia ubeti, wauchukue chumba cha mtihani.
Mishororo mitatu; wa nne ulinikatalia.

    Kiasi kikiwa nunge, grafu itagusa chini,
    Asili ikiwa nunge, pana ukuta njiani,
    Vyote viwili ni nunge, chungulia, tundu ndani,

"Haya, grafu inagusa chini wapi?"
"Tatu na hasi mbili!" Faki, na wote wakaitikia.
Nami, Mungu anisamehe, mkono ulishakwenda na chaki.

"Hasi mbili si yake."
Mize Shaame. Husema mara moja kwa wiki.
Akapiga magoti, akafungua mabano:
eksi jumlisha mbili juu, eksi jumlisha mbili chini.
"Tukiyafuta, njia inabaki safi, kama hapakuwa na kitu.
Lakini palikuwa na kitu.
Grafu hapo haigusi, wala haikimbii.
Inafika moja na robo, inakosa nukta moja, inaendelea."

Akachukua kikombe cha kahawa cha Zuwena,
akakifudikiza penye nukta ile,
akazungusha chaki ukingoni:
duara tupu.
Halafu, bila kuinua uso, akanimalizia ubeti:

    Ukifuta usiringe, kiandike pembizoni.

Umeme ukarudi. Wakapiga kelele, wakapanda juu.
Faki akakanyaga duara, nusu likaenda na kandambili yake.

Mwezi wa sita nililikata jina la Riziki Makame
kwa rula, mstari ulionyooka.
Kaolewa Maskati, wengine walisema; wengine, Mkanyageni.
Sikuuliza.
Darasa likaendelea. Wastani ulipanda, hata.
Mkaguzi aliupitia ukurasa ule, akatia saini.

Usiku ule nilifungua rejesta peke yangu.
Nikaweka kifuniko cha kalamu pembeni ya mstari,
nikakizungusha.
Ndani yake sikuandika kitu.